Kete Iliyofungwa na Tishio kwa Shaha katika Sataranji

Sataranji imo katika Kiswahili pamoja na msamiati wake. Jina la mchezo limepitia Kiarabu, na shaha, yaani mfalme wa ubaoni, asili yake ni Kiajemi. Hata hivyo, barazani Mji wa Kale, Mombasa, bao na dhumna zimezoeleka zaidi, na sheria za sataranji zingali zikisomwa kwa Kiingereza. Swali moja ladhihirisha umuhimu wa kuzieleza kwa Kiswahili: je, kete iliyofungwa yaweza kumtishia shaha wa adui?

Kete iliyofungwa ni ile iliyosimama baina ya shaha wake na kete ya adui, hata ikiondoka njiani itamwacha shaha wake wazi. Tuchukulie shaha mweupe yuko e1, farasi wake e4, na ngome nyeusi e8, bila kete nyingine katika safu hiyo. Shaha mweusi, aliye g7, anataka kuingia f6, mraba ulio katika mapigo ya farasi. Mwenye kete nyeusi atadai kuwa farasi amefungwa, kwa hivyo f6 ni salama.

Dai hilo si sahihi. Kifungu cha 3.1.3 cha sheria za FIDE, shirikisho la kimataifa lililoundwa Paris mwaka 1924, chaeleza kuwa kete huhesabiwa kuwa inaushambulia mraba hata ikiwa imezuiwa kuuendea kwa kumlinda shaha wake. Mantiki yake ni utangulizi: lau farasi angemla shaha mweusi, vita vingekwisha hapo, na ngome isingepata zamu ya kulipiza.

Historia ya Mombasa yatoa mfano. Waomani waliizingira Fort Jesus kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Waliokuwa ndani hawakuweza kutoka watakavyo. Wala waliokuwa nje hawakuweza kuingia watakavyo. Kufungwa si kunyang'anywa silaha.

Utata, basi, unatokana na kitenzi kula, ambacho wachezaji hukitumia kwa tendo na kwa uwezo wa kulitenda. Mfasiri wa sheria hizi hana budi kutenganisha kula na kushambulia. Asipofanya hivyo, mchezaji atampeleka shaha wake mautini akiamini kwamba sheria imemruhusu.