Mgongo Umeumia, Mguu Ndio Unaolia

Kikohozi kimoja kinatosha. Mtu ambaye diski ya mgongo wake imechomoza na kugusa neva akikohoa, akipiga chafya au akijikamua chooni, maumivu humshuka kutoka kiunoni, yakapita kwenye tako na nyuma ya paja, yakateremkia shavu la mguu mpaka kwenye vidole. Wenyewe husema mguu unapiga shoti. Usiku ndio mbaya zaidi, maana kila ubavu anaoulalia unamkataa. Ukimkagua mguu, hutaona kidonda wala uvimbe. Mguu ni mzima. Kilichoumia kiko kiunoni, kwenye mzizi wa neva unaouhudumia mguu huo.

Rubavu, wilaya ya Rwanda iliyo mpakani na Kongo, ni mahali ambapo maradhi haya yanagusa tonge la watu moja kwa moja. Mji wake wa Gisenyi umeshikana na Goma ya upande wa Kongo, na katika mpaka wa Petite Barrière maelfu ya watu huvuka kwa miguu, wengi wao wanawake, wakiwa na viazi, vitunguu, kabichi na maziwa vichwani au mgongoni. Mgongo ndio mtaji wao. Unapogoma, biashara imefungwa, na hakuna mwajiri wa kumlipa mtu siku za ugonjwa.

Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski 23. Kila moja ina ukuta wa nje, wa nyuzi ngumu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na ndani yake kiini laini chenye maji mengi kinachopokea uzito. Miaka inavyokwenda ukuta huchakaa, nyuzi zikapasuka, na siku moja kiini hupenya na kuchomoza, kama tyubu ya baiskeli inavyochungulia kwenye tairi lililochanika. Takriban visa 95 kati ya 100 vya diski za kiunoni hutokea katika mbili za mwisho, zile zinazobeba uzito wote wa kiwiliwili. Hapohapo ndipo inapopita mizizi ya neva ya siatiki, iliyo nene kuliko neva nyingine zote mwilini.

Daktari Domenico Cotugno wa Napoli, Italia, aliandika mwaka 1764 kwamba kuna maumivu ya nyonga na mguu yatokayo kwenye neva. Ilibidi kusubiri mpaka mwaka 1934, pale William Mixter na Joseph Barr wa Boston, Marekani, walipochapisha ushahidi kwamba mkosaji mara nyingi ni diski iliyopasuka, na kwamba kuikata sehemu iliyochomoza kunaweza kumponya mgonjwa. Tangu hapo picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ya neva iliyobanwa. Mgonjwa huambiwa "mshipa umebanwa," naye huondoka akiamini kwamba asipofunguliwa na kisu atabanwa hadi kaburini.

Picha hiyo ni nusu ya habari. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za MRI watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu yao walikutwa na diski iliyovimba walau mahali pamoja, na wala hawakuwa na habari. Kwa hiyo kubanwa peke yake hakutoshi kueleza mateso haya. Wataalamu wa Uswidi walikuwa wameshapata nusu ya pili: waliweka kiini cha diski juu ya mizizi ya neva za nguruwe bila kuibana hata kidogo, na bado neva ziliharibika. Kiini kile kina kemikali zinazoichokoza neva mpaka inawaka. Neva iliyowaka ikiguswa kidogo tu, hulia kwa nguvu isiyolingana na mguso wenyewe. Ndiyo sababu kikohozi kinaweza kumliza mtu mzima.

Sasa inakuja sehemu ambayo natamani kila mgonjwa wa Rubavu aisikie siku ya kwanza. Kiini cha diski, tangu utoto, hukaa mbali na mishipa ya damu. Kikitoka nje, askari wa kinga ya mwili hukiona kama mgeni. Hukizunguka, wakaanza kukila kidogo kidogo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba vipande vilivyokatika kabisa kutoka kwenye diski hupungua vyenyewe katika visa 96 kati ya 100, lakini diski zilizovimba tu bila kupasuka hupungua katika visa 13 tu kati ya 100. Ile picha inayomtisha daktari na mgonjwa kuliko zote ndiyo yenye matumaini makubwa ya kuyeyuka bila kisu. Ukali wa maumivu si kipimo cha ubovu wa mgongo, wala si hukumu ya ulemavu.

Lakini mwili hula taratibu. Wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya majuma sita hadi kumi na mawili, na kwa mwanamke anayekula alichokiuza leo, majuma kumi na mawili ni msimu mzima wa njaa. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007, uliohusisha wagonjwa 283 wenye maumivu makali, unaweka jambo hili wazi. Waliotangulizwa kwenye upasuaji walipona, kwa kadiri ya kati, baada ya majuma 4. Waliosubiri kwa dawa na ushauri, majuma 12. Mwaka ulipotimia makundi yote mawili yalikuwa sawa, takriban watu 95 kati ya 100 wakiwa wamepona, ingawa karibu wanne kati ya kumi wa waliosubiri walishindwa kuvumilia wakapasuliwa baadaye. Upasuaji hununua muda. Anayeweza kungoja hupoteza kidogo kwa kungoja, na anayeshindwa kabisa asionekane dhaifu.

Kungoja nako kuna ufundi wake. Kulala kitandani siku nzima hakusaidii: watafiti wa Uholanzi walilijaribu hilo, na mwaka 1999 wakaripoti kwamba wagonjwa waliolazwa majuma mawili hawakupata nafuu zaidi kuliko wale walioendelea kutembeatembea. Kinachofaa ni kutembea kidogo, mara nyingi kwa siku, na kurudi kabla mguu haujawaka. Kukaa muda mrefu huzidisha, na kupanda pikipiki kwenye barabara ya mawe ni adhabu. Wakati wa kulala, wengi hupata nafuu wakilala chali na miguu imepandishwa juu ya kiti au gunia, magoti yakiwa yamekunjwa. Au ubavu, na mto katikati ya magoti.

Kuhusu dawa, nitasema kwa ufupi. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kupunguza makali kwa siku chache, lakini zikimezwa kwa miezi, kama wengi wafanyavyo kwa kununua dukani, huchoma tumbo na kuumiza figo. Pregabalini, ambayo siku hizi huandikwa sana kwa maumivu ya neva, ilijaribiwa Australia kwa wagonjwa 209 wenye maumivu ya neva ya siatiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, na haikushinda kidonge kisicho na dawa, ila ilileta kizunguzungu zaidi.

Kule Nyamyumba, kando ya Ziwa Kivu karibu na kiwanda cha bia, kuna chemchemi za maji moto ambako watu wa Rubavu huenda kuloweka viungo na kuchuliwa. Siwacheki. Joto hulegeza misuli iliyokakamaa na kumpa mtu saa kadhaa za kupumua, na hilo si dogo. Ila mwenye mguu wenye ganzi apime maji kwa mkono kwanza, maana mguu huo unaweza kuungua bila kumwambia. Na asikubali mtu amkanyage wala kumvunja mgongo kwa nguvu.

Tusiharakishe pia kuulaumu mzigo. Utafiti wa mapacha wa Finland ulionyesha kwamba kuchakaa kwa diski hutokana zaidi na urithi kuliko na kazi. Na mwaka 1986 jarida la Nature lilitoa matokeo ya vipimo vya wanawake wa Kikuyu na Kiluo nchini Kenya: waliweza kubeba mpaka sehemu moja ya tano ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada. Tafiti za baadaye Afrika Kusini hazikukuta akiba hiyo kwa kila mtu, na shingo ziliuma. Hata hivyo mzigo ulio kichwani umekaa sawasawa juu ya uti wa mgongo.

Hatari iko kwenye kujitwika. Misuli ya mgongo iko kama sentimita 5 tu nyuma ya diski. Ukiinama na kunyanyua kilo 20 zilizo sentimita 50 mbele yako, misuli inalazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 200, na diski inabebeshwa zote. Ukijipinda papo hapo, ndipo ukuta uliochakaa huachia. Kwa hiyo kutwishana, jambo ambalo mama zetu walilifanya kwa adabu, ni kinga ya kisayansi: wawili wanyanyue, mmoja abebe, na wakati wa kutua pia asaidiwe. Na pale Petite Barrière tayari kuna watu wenye ulemavu wanaosafirisha shehena kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Mwenye mguu unaopiga shoti awape wao mzigo, yeye abaki na kuuza. Ushirika unaoweza kumhamishia mwenzao kwenye meza ya mauzo kwa miezi mitatu umempa tiba ambayo hakuna duka la dawa linaloiuza.

Liko jambo moja lisilongoja. Ganzi ikiingia sehemu za siri na kati ya makalio, mkojo ukigoma kutoka au ukitoka wenyewe, au mguu ukilegea kwa haraka, mizizi ya neva yote ya chini inakufa. Upasuaji unatakiwa ndani ya saa 48 au pungufu, na madaktari wengi wa kuufanya wako Kigali, yapata kilomita 150 kutoka Gisenyi. Vilevile homa, kukonda na maumivu yasiyolala vinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kina dawa zake. Kadi ya Mituweli, bima ya afya ya jamii, humwachia mgonjwa asilimia 10 tu ya gharama hospitalini, mradi afuate ngazi: kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha Kigali. Ukiona zile dalili za ganzi, mkojo au mguu kulegea, usisubiri asubuhi wala siku ya soko. Nenda usiku huohuo, na mwambie wa kwanza kukupokea waziwazi kwamba mkojo umegoma au ganzi imefika sehemu za siri, hata kama unaona haya.