Gari Gumu Kuwaka Alfajiri? Lisikilize Kabla Hujanunua Betri

Sisi tunaobeba stroberi na mboga za Mgeta kwa oda za WhatsApp tunajua kwamba basi la Msamvu halimsubiri mtu. Kirikuu kikigoma saa kumi alfajiri, mzigo wa Dar unalala, stroberi zinalainika, na mteja aliyeshalipa anaanza kukuita tapeli. Kwa hiyo hili si la fundi peke yake, ni la biashara.

Betri mpya si hela ndogo, usiikimbilie. Piga staata, kisha sikiliza.

1. Staata inazunguka kivivu, taa za dashibodi zinafifia.
Hapo ni umeme. Anza na vichwa vya betri. Vikiwa na ungaunga mweupe au wa kijani, fungua hasi kwanza, sugua kwa maji ya moto na mswaki wa zamani, kausha, kaza. Hasi ifungwe mwisho. Angalia pia waya wa hasi unaoshika kwenye bodi.

Kisha fundi umeme apime kwa mita. Gari likiwa limelala, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Chini ya 12.2, chaji ni nusu au pungufu. Injini ikiwaka, isome kama 13.5 hadi 14.5. Isipofika hapo, altaneta haichaji vizuri, na betri mpya nayo itakufa vilevile.

Kumbuka baridi ya Uluguru hupunguza nguvu ya betri na kufanya oili iwe nzito. Ndiyo maana betri iliyochoka inawaka vizuri mjini, ukilala nayo mlimani inakuumbua.

2. Staata inazunguka vizuri, injini inachelewa kushika.
Mara nyingi betri haina kosa. Washa swichi bila kupiga staata, subiri sekunde 3, zima, rudia tena, ndipo upige. Ikishika haraka, huenda presha ya mafuta inashuka gari likilala, pampu ikaguliwe. Isipobadilika, angalia plagi, chujio la mafuta na la hewa. Vumbi la kule juu tunalijua.

3. Inalia "ka!" moja, haizunguki kabisa.
Kagua waya zilizolegea na betri. Zikiwa sawa, staata yenyewe ifunguliwe.

Usipige staata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Pumzisha nusu dakika, la sivyo utaiunguza na betri uimalize.

Sasa upande wa hela. Kila safari mimi natenga kiasi kidogo cha matengenezo kabla sijagusa faida. Siku moja kabla ya mzigo, liwashe asubuhi likiwa la baridi, sio jioni likiwa bado na moto. Uwe na namba ya bodaboda wa uhakika. Likigoma, mpigie mteja wewe kwanza, kabla hajakuuliza. Mteja anavumilia kucheleweshwa, kimya havumilii.

Gari huanza kusema mapema, leo sekunde mbili, kesho tano. Mtumie mwenzako mwenye mzigo wa kesho.