Saa Mbili za Kijana wa Hoteli

Wazee kadha wa hapa Unguja wametuuliza kama ni vyema kuwapeleka vijana wao kusomea utalii, Maruhubi au kwingineko, ilhali wachelea kuwa kazi ya hoteli itawapotezea Sala. Twaona kuwa linalotakiwa ni kijana kufundishwa wakati barabara, nyumbani na chuoni.

Jambo la kwanza, kijana huyo ana saa mbili. Kwao, jua likishachomoza, huhesabiwa saa moja. Kazini hesabu huanza usiku wa manane. Aliyeambiwa kwa Kiingereza aje asubuhi saa “eight”, akafasiri neno kwa neno, atafika saa nane, amechelewa saa sita kamili! Basi azoezwe kutoa sita: 14:00 ni saa nane mchana, na ikishapita 18:00 atoe kumi na nane, hata 19:00 iwe saa moja usiku.

Naye achukuaye wageni kwa ngalawa ana saa ya tatu, ya bahari. Wavuvi waijua bila ya kitabu. Maji hujaa mara mbili kwa mchana na usiku, na kila siku hukawia kadiri ya dakika 50. Yakijaa leo saa tatu asubuhi, baada ya siku sita yatajaa karibu na saa nane mchana. Asiyeyahesabu haya huwaahidi wageni safari, kisha akawatembeza juu ya matope.

Ama Sala, Adhuhuri haina taabu, kwani huingia yapata saa sita na nusu na wakati wake ni mpana. Chakula cha mchana huandaliwa, kikaondolewa, na Alasiri bado. Penye dhiki ni Magharibi. Huingia kiasi cha saa kumi na mbili na nusu, wakati wake ni mfupi, na ndio saa ya kutandika meza za usiku. Kijana na amwambie msimamizi siku ile zamu zinapopangwa, wala asingoje adhana. Aafikiane na mwenziwe wapokezane, na udhu autie mapema. Dakika kumi zilizoombwa juma zima kabla ni nadra kukataliwa.

Nasi walimu wa Kurani tusimwandike mtoro kijana wa zamu asiyeonekana baada ya Alasiri. Tumwekee darasa lake baada ya Isha.