Madem Wawili, Superman Mmoja na Chapo 25

Wacheni mpira kidogo. Leo tunabonga Gurihiru, wachoraji wa komiki. Kazi yao ushaicheki, ni vile tu ulidhani imechorwa na msee mmoja wa Marekani mwenye ndevu.

Zii. Ni madem wawili wa Japani. Chifuyu Sasaki anachora, Naoko Kawano anapiga rangi. Basi. Huko Marekani komiki moja hupikwa ka dishi ya harusi: huyu penseli, yule wino, mwingine rangi. Hawa wanamaliza sufuria wakiwa wawili. Na kwao manga nyingi ni black and white, unasoma ukitoka kulia. Wakapindua yote. Tangu 2005 hivi wanachorea Marvel, wakianza na Power Pack, watoto wanne wa mathe mmoja wenye powers.

Mbuyu wangu alichungulia akasema katuni ni za watoto. Sawa, mzae. Huyo ni msee bado anaamini Undertaker wa mieleka hufufuka.

Sasa cheki Superman Smashes the Klan, stori ya Gene Luen Yang. Mwaka ni 1946. Familia ya Wachina, kina Lee, imehamia Metropolis, na wale mafala wa Klan wenye kofia za ncha wanachoma msalaba mbele ya keja yao. Superman mwenyewe bado hajajua anaweza kuruka angani, so anakimbia juu ya waya za stima. Mbio, manze! Mistari ni laini, macho makubwa, rangi tamu ka peremende. Halafu unaona ule moto na tumbo linakaza. Ukichora kila kitu kikiwa kimenuna, moto haushtui mtu. Hapo ndipo hawa madem ni wanoma. 2021 kitabu kikabeba tuzo mbili za Eisner.

Gwenpool naye, mwenye pia wamemchora? Dem anajua ako ndani ya komiki, anatoka nje ya fremu ka msee anaruka conda.

Ngori ni bei. Kagazeti ka kurasa 20 hivi, dola 4. Soo tano! Hizo ni chapo 25 za mbao, na bado hujalipa ya kusafirisha. Ukimaliza kusoma bado uko na njaa. Lakini kuita hii kitu anime mbele ya wenye wako rada ni aibu kubwa kuliko njaa. Utachekwa hadi uhame mtaa.

Ka umesota, anza na Jeff, papa wa nchi kavu, miguu minne, hasemi kitu, anakula tu. Kelly Thompson anaandika, Gurihiru wanachora, na tangu 2021 unamscroll kwa simu. Ndiye yule kwa game ya Marvel Rivals anameza mbogi nzima na kuitema nje ya map.

Mbuyu alimwona akauliza huyo samaki ni wa nani. Akauliza tena jioni.

Nangoja tu fundi mmoja wa graffiti amchore Jeff kwa nganya ya Rongai. Siku hiyo conda akae na change yangu.