KUWASHA MTAMBO MDOGO WA KUSAFISHA MAJI: FUNZO KUTOKA KIBONDO NA KASULU

Watumishi wa Serikali na wananchi wanafahamishwa kuwa klorini haiui vijidudu ipasavyo ndani ya maji yenye tope. Mwezi Mei 2015 kipindupindu kilizuka miongoni mwa wakimbizi wa Burundi waliofikia Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Wengi walipelekwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Baadaye mwaka huo kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena. Katika nyanda hizo za juu mvua hushusha udongo mitoni, na mtambo wa maji ya mto hauna budi kuanza na tope.

Hatua za kuwasha ni hizi:

(a) Matangi na mabomba yasafishwe kwa maji ya klorini kali, kisha yasuuzwe.

(b) Maji ya mto yatiwe katika vyombo kadhaa vya lita moja, kila kimoja na kiasi tofauti cha shabu. Kiasi kidogo kabisa kinachong'arisha maji ndicho kitumike.

(c) Pampu ianze polepole, na maji ya kwanza yamwagwe.

(d) Tope likishuka chini ya NTU 5, klorini itiwe na maji yakae dakika 30. Klorini inayobaki ipimwe. Iwe miligramu 0.5 kwa lita.

Hitilafu zikitokea, chanzo kitafutwe hivi:

Madonge ya tope yasipojengeka, kiasi cha shabu kipimwe upya. Maji yakiwa na ukali wa tindikali, chokaa iongezwe. Madonge yakivuka tangi la kutuliza, kasi ya pampu ipunguzwe. Chujio likiziba, mchanga uoshwe kwa kusukuma maji kutoka chini kwenda juu. Klorini ikitoweka, tope lipimwe tena, na unga wa klorini ukaguliwe, kwani hupoteza nguvu ukiachwa wazi au kwenye joto.

Foleni ya ndoo isiwe sababu ya kufungua bomba kabla ya vipimo kukamilika.

Hapa Visiwani maji mengi ya bomba hutoka visimani na katika chemchemi, na mara nyingi hayahitaji shabu. Hata hivyo, sharti la kupima klorini kabla ya kugawa maji ni lile lile, hasa wakati wa masika.