Nyumba Mpya Inayovuja

Mtu akimaliza kujenga nyumba anafurahi sana. Amekusanya franki kidogo kidogo, ameuza mbuzi na maharagwe, amelipa fundi, amepandisha mabati, yale ambayo wengi wetu tunayaita manjanja. Mchungaji amekuja kuomba pamoja na jamaa, nao wameimba. Halafu mvua kubwa ya kwanza inanyesha, na usiku maji yanadondoka juu ya kitanda cha watoto.

Hapo watu wanafuata njia mbili. Wengine wananyamaza. Wanaweka sufuria chini ya tone, wanasogeza kitanda, basi. Wengine wanakasirika. Wanamtukana fundi mbele ya watu, na siku ya Mungu hawasalimiani naye mlangoni mwa kanisa. Njia hizi mbili haziwezi kuziba hata tundu moja. Somo hili linafundisha njia ya tatu: kutafuta mahali maji yanapoingilia, kumwambia fundi mapema na kwa kweli, na kutunza nyumba mpaka ikauke kabisa.

1. Kwa nini tunafundisha neno hili katika kitabu cha afya?

Kwa sababu nyumba yenye maji inaleta ugonjwa. Mtoto analetwa hospitali akikohoa. Anapewa dawa, anapata nafuu, anarudi kulala chini ya ukuta ule ule wenye maji. Baada ya majuma mawili mama yuko tena kwenye benchi pamoja naye. Dawa ilifanya kazi yake, lakini chumba hakikutibiwa.

Ukuta ukikaa na maji, ukungu unaota. Ni yale madoa meusi au ya kijani yenye harufu ya kuoza. Ukungu unatoa vumbi dogo sana ambalo jicho haliwezi kuona, nasi tunalivuta ndani ya kifua. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya jambo hili. Lilionyesha kwamba watu wanaokaa katika nyumba zenye unyevu na ukungu wanasumbuliwa zaidi na kikohozi, kubanwa kifua na pumu.

Tena kuna mbu. Maji yakisimama katika ndoo, katika mfereji ulioziba au katika shimo chini ya paa, mbu wanataga mayai humo. Kukiwa na joto, yai la mbu wa malaria linaweza kuwa mbu anayeruka kwa siku 7 hadi 14 hivi. Kwa hiyo sufuria unayoweka chini ya tone uimwage kila siku. Usiiache mpaka ijae.

Tena kuna chakula. Mahindi na karanga zikilowa zinaota ukungu, na ukungu mwingine unatia ndani yake sumu inayoharibu ini. Sumu hii haitoki kwa kuanika juani, wala haiishi kwa kupika. Mama, usichague zile mbaya kidogo kwa kusaga unga wa uji wa mtoto. Karanga zenye ukungu zitupwe. Hasara ya kilo chache ni ndogo kuliko hasara ya mtu.

Mwisho, kama nyumba ina umeme au waya za sola, maji yakifika kwenye waya yanaweza kuua. Zima umeme kwanza pale unapoingia nyumbani, mikono ikiwa mikavu. Kama mahali pa kuzimia pamelowa, usipaguse. Toa watu nje, uite mtu anayejua kazi ile.

2. Tafuta mahali maji yanapoingilia

Munganga hatibu homa tu. Anatafuta ni nini inayoleta homa. Na nyumba ni vile vile. Mahali tone linapoanguka si mahali maji yalipoingilia. Maji yanaingia juu, yanafuata ubao kwa meta moja au mbili, halafu yanaanguka mbali. Ndiyo maana mtu anapaka lami juu ya kitanda, na mvua ijayo tone liko pale pale.

Fanya hivi. Wakati wa jua kali, funga madirisha na milango, simama ndani ya giza, tazama juu. Tundu lolote litaonyesha nuru. Weka alama kwa mkaa. Kama huoni nuru, mtu mmoja apande ngazi siku isiyo na mvua, amwage maji polepole juu ya paa. Aanze chini, karibu na ukingo, angoje kidogo, halafu apande juu kwa hatua. Mwingine akae ndani akitazama. Ukianza juu, maji yatateremka na kupita mahali pote, nawe hutajua ni tundu gani. Lakini mtu yeyote asipande paa lililolowa. Paa lenye maji linateleza, na mguu uliovunjika unauma kuliko nyumba inayovuja.

Haya ndiyo makosa yanayoonekana mara nyingi:

Msumari umepigwa katika bonde la bati. Maji yote yanapita bondeni, kwa hiyo msumari upigwe juu ya mgongo, nao uwe na kofia pana na kipande cha mpira chini yake.

Bati halikulala vya kutosha juu ya jirani yake. Kwa upande, lifunike mgongo mmoja na nusu au miwili. Kwa urefu, bati la juu lilifunike la chini sentimeta 15 au zaidi. Na kama paa limelala sana, ongeza.

Kilele cha paa kimeachwa wazi, au kofia yake ni nyembamba, na upepo unasukuma mvua ndani.

Ukingo wa paa ni mfupi. Mvua inapiga ukuta wa matofali mabichi, nao unakunywa maji kutoka chini mpaka juu.

Maji ya paa hayana mfereji. Yanasimama kando ya msingi, na ukuta unalowa hata bila tundu lolote.

Lakini sikilizeni neno moja kwa ajili ya haki. Katika nchi ya juu yenye baridi, asubuhi unaweza kuona matone chini ya mabati hata kama mvua haikunyesha. Hayo si maji ya nje. Ni pumzi yetu na mvuke wa sufuria, uliopanda na kukutana na bati baridi. Dawa yake ni kufungua madirisha na kuacha matundu ya hewa juu ya ukuta. Usimshitaki fundi kwa pumzi yako mwenyewe. Vile vile upande wa Goma, moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira unatia ukali katika mvua, nayo inakula mabati upesi. Na kama baada ya fundi kuondoka ulimwita kijana kupandisha sola, naye akapiga misumari mipya, basi tundu la kijana si tundu la fundi.

3. Mwambie fundi mapema

Kama umeona kwamba kosa ni la kazi, usingoje. Kila juma unalongoja, mbao zinaoza, mchwa wanakuja, na fundi anaweza kusema, «Wewe mwenyewe uliharibu.»

Bwana Yesu ametuonyesha njia katika Matayo 18:15-16. Kwanza nenda kwa ndugu yako, ninyi wawili tu. Asiposikia, chukua pamoja nawe mmoja au wawili, ili neno lithibitishwe na mashahidi. Wengi wetu tunaanza na kanisa zima, halafu tunashangaa kwamba fundi amekimbia.

Nenda na maandishi. Kama unaweza, piga picha kwa simu, nyingine ndani na nyingine juu ya paa. Andika barua fupi, uweke nakala yake nyumbani. Kwa mfano:

«Ndugu fundi, salamu katika Bwana. Nyumba uliyonijengea, ulinikabidhi mwezi wa saba. Katika mvua ya tarehe 12 mwezi wa tisa maji yaliingia chumba cha watoto na karibu na kilele. Tulitazama, tukaona misumari 6 katika mabonde. Katika mapatano yetu uliahidi kutengeneza kila tundu mpaka mwisho wa mvua za kwanza. Naomba uje kabla ya siku 7 kupita, tutazame pamoja. Nitakuwa nyumbani. Mimi ndugu yako.»

Tazama, hakuna tusi hata moja. Kuna siku, kuna mahali, kuna ahadi, kuna muda. Barua ya namna hii mtu mwaminifu anaijibu, na mtu asiye mwaminifu anaiogopa.

Fundi akija, msikilize. Akitengeneza, ngojeni mvua nyingine kubwa kabla ya kusema kazi imekwisha. Usimruhusu kupaka rangi juu ya doa kwanza. Rangi inaficha ukungu kwa mwezi mmoja, halafu doa linarudi.

Na asipokuja? Nenda na mashahidi wawili, mmoja awe fundi mwingine anayejua kazi. Halafu wazee wa kanisa, kama yeye ni Mkristo mwenzetu; halafu mkubwa wa kartiye. Tena jueni kwamba sheria ya nchi haikunyamaza. Sheria ya mapatano ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo inatumika katika Kongo hata sasa, inasema kwamba nyumba iliyojengwa kwa bei ya kupatana, ikiharibika yote au sehemu yake kwa kosa la ujenzi, aliyeijenga anaulizwa juu yake kwa miaka kadhaa. Na kama ulinunua nyumba iliyokwisha kujengwa, mwuzaji anaulizwa juu ya kasoro iliyofichika, lakini si juu ya ile uliyoweza kuiona mwenyewe. Tena mnunuzi anapaswa kushitaki upesi. Anayelala anapoteza haki yake.

4. Patana kabla ya kujenga

Ninyi mnaofikiri kujenga, andikeni mapatano kabla ya tofali la kwanza. Semeni misumari gani, mabati gani, ukingo wa paa urefu gani. Semeni kwamba fundi atarudi bila malipo mpaka mvua za kwanza zipite. Patana naye kwamba sehemu ndogo ya mshahara wake, labda 1 ya 10, itangojea mpaka hapo.

Lakini neno hili lina makali pande mbili. Mvua zikipita na nyumba ikiwa kavu, mlipe siku ile ile. Yakobo 5:4 inatuonya kwamba mshahara uliozuiwa unalia mbele za Mungu. Fundi naye ana watoto, na paa lao pengine linavuja.

5. Nyumba iponywe

Tundu likizibwa, kazi ya nyumba haijakwisha. Somo liko katika Walawi 14:33-48. Mwenye nyumba aliyeona doa ukutani hakulificha. Alikwenda kumwambia kuhani. Vyombo vilitolewa nje. Nyumba ilifungwa siku 7, halafu ikatazamwa tena. Mawe mabaya yalitolewa, udongo ukakwaruzwa na kutupwa mbali, na udongo mpya ukapakwa. Doa likirudi, nyumba ilibomolewa. Mungu alijali hata ukuta wa nyumba ya watu wake.

Nasi tufanye hivi. Toa mikeka, magodoro na nguo nje juani. Vitu vilivyolowa vikaushwe kabla ya siku 2 kupita, maana baada ya hapo ukungu unaanza kuota. Funga kitambaa puani na mdomoni, osha doa kwa sabuni na brashi, halafu kausha ukuta. Udongo uliooza ukwaruze, upake mpya. Kama unatumia dawa ya kuosha yenye harufu ya klorini, usiichanganye na dawa nyingine, na madirisha yawe wazi. Mwenye pumu na watoto wadogo wakae mbali siku hiyo, tena wasilale katika chumba kile mpaka kikauke.

6. Lini uje hospitali?

Usingoje paa litengenezwe kama mtoto ana alama hizi: anapumua upesi, kifua chake kinaingia ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya wala kunywa, au pumzi yake inapiga filimbi. Mtoto wa miezi 2 mpaka 12 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika moja, au wa mwaka 1 mpaka 5 akipumua mara 40 au zaidi, mlete siku ile ile. Mwenye homa naye aje kupimwa malaria kabla ya siku moja kupita.

Mhubiri 10:18 inatukumbusha kwamba kwa mikono mivivu nyumba inavuja. Si kwa umaskini tu. Mtu maskini anaweza kung'oa msumari katika bonde na kuupiga juu ya mgongo, na kuziba tundu la zamani. Anaweza kumwaga sufuria kila asubuhi, na kuandika barua fupi yenye upole. Mungu atusaidie tusifiche doa la ukutani, wala doa la moyoni, bali tulionyeshe mapema kwa yule awezaye kulitengeneza.

Maswali ya kuulizana nyumbani

1. Kwa nini tone haliangukii mahali maji yalipoingilia?
2. Ni matone gani yasiyo kosa la fundi?
3. Tufuate hatua gani kabla ya kwenda kwa wakubwa?
4. Je, kuna fundi ambaye sisi wenyewe hatujamlipa?