Majira ya Cheche katika Injini ya Kombi Iliyoundwa Upya

Injini ya petroli iliyofumuliwa, ikasafishwa na kuundwa upya yaweza kukataa kuwaka ijapokuwa kila kipuri chake ni kizima. Yaweza pia kuwaka vizuri, kisha ikaharibika katika safari yake ya kwanza. Mara nyingi chanzo cha matatizo hayo mawili ni kimoja: cheche inatokea, lakini haitokei kwa wakati wake. Mafundi wa magari huliita jambo hili taimingi. Makala haya yanaeleza kanuni yake na namna ya kutafuta kosa, kwa mfano wa injini ya Volkswagen Kombi yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 1,600.

Kombi ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950. Huko Brazil iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2013, ingawa katika miaka ya mwisho iliwekewa injini ya kupozwa kwa maji. Injini ya kombi ya kale hupozwa kwa hewa isukumwayo na feni. Ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, nayo imefungwa nyuma ya gari. Kwa kuwa muundo wake ni rahisi, wenye magari hayo wangali wakiifumua na kuiunda upya hata leo.

Kwa nini cheche hutangulia

Mchanganyiko wa petroli na hewa hauwaki wote kwa mara moja. Moto huanzia kwenye plagi na kuenea ndani ya silinda kwa muda wa kama sehemu 2 za 1,000 za sekunde. Muda huo ni mfupi mno kwa mwanadamu, lakini kwa injini ni mrefu. Injini inapozunguka mara 900 kwa dakika, krenkishafti hugeuka digrii 5 na kidogo katika kila sehemu moja ya 1,000 ya sekunde. Inapofika mizunguko 3,000 kwa dakika, hugeuka digrii 18 katika muda huo huo.

Kwa sababu hiyo, cheche hapana budi itokee kabla pistoni haijafika kikomo chake cha juu, ili shinikizo la gesi lifikie upeo mara baada ya pistoni kuanza kushuka. Tena, kadiri mwendo unavyozidi ndivyo cheche inavyopaswa kutangulia zaidi. Kazi hiyo hufanywa na distribyuta. Ndani yake mna vyuma vidogo vyenye springi, ambavyo hutanuka kwa mwendo na kuisogeza cheche mbele. Distribyuta nyingine zina pia kikopo kinachovutwa na ombwe la kabureta.

Cheche ikichelewa, mchanganyiko huendelea kuwaka wakati pistoni inashuka. Nguvu hupungua, petroli nyingi hutumika, na moto hutoka kupitia valvu za ekzosi na kuziunguza. Cheche ikiwahi kupita kiasi, gesi huisukuma pistoni chini ilhali yenyewe ingali ikipanda. Joto na shinikizo huongezeka, injini hugonga, na hatimaye pistoni huweza kutoboka.

Makosa yanayozaliwa wakati wa kuunda

Kosa la kwanza hutokana na injini yenyewe kuwa ya mipigo minne. Pistoni ya silinda ya 1 hufika juu mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi: mara moja inaposhindilia mchanganyiko, na mara nyingine inapomaliza kutoa moshi. Alama ya puli huonekana mahali pale pale mara zote mbili. Zaidi ya hayo, katika kombi pistoni za silinda ya 1 na ya 3 hufika juu pamoja. Fundi akiitazama alama peke yake, huenda akaifunga shafti ya kuendesha distribyuta kinyume, na cheche ya silinda ya 1 ikatokea wakati silinda ya 3 ndiyo inayoihitaji.

Kosa la pili ni meno ya shafti hiyo kutokutana mahali pake. Kosa la tatu ni waya za plagi kuchanganywa. Utaratibu wa kuwaka ni 1, 4, 3, 2, na rota huzunguka kwa mwelekeo wa saa.

Kosa la nne hujificha zaidi. Puli za miaka mbalimbali hazikuwekewa alama kwa namna moja. Distribyuta nazo hutofautiana: iko inayotaka cheche itokee digrii 7.5 kabla ya kikomo cha juu, na iko inayotaka digrii 5 baada ya kikomo, injini ikizunguka polepole. Anayeitegesha moja kwa kipimo cha nyingine hukosea kwa digrii 12.5, na injini huwaka bila kulalamika.

Utaratibu wa uchunguzi

Kila hatua hutegemea ile iliyoitangulia. Kwa hiyo haifai kurukwa.

Kwanza, valvu zipimwe injini ikiwa baridi. Valvu isiyofunga sawasawa hupunguza mshindilio, na dalili zake hufanana na za cheche mbaya.

Pili, plagi zote zitolewe, tundu la silinda ya 1 lizibwe kwa kidole, na puli igeuzwe polepole kwa mkono kufuata mwelekeo wa saa. Hewa ikikisukuma kidole, pistoni iko katika mpigo wa kushindilia.

Tatu, alama ya kikomo cha juu ithibitishwe. Kizuizi kifungwe katika tundu la plagi, kisha puli igeuzwe taratibu hadi pistoni izuiliwe, na mahali hapo pawekwe chokaa. Puli irudishwe upande wa pili hadi izuiliwe tena, pawekwe chokaa nyingine. Kikomo cha kweli ni katikati ya alama hizo mbili. Kizuizi kiondolewe kabla ya kuendelea.

Nne, alama hiyo ilinganishwe na mstari ambapo nusu mbili za bodi ya injini zinakutana. Hapo rota inapaswa kuelekea mfuo mdogo ulio kwenye ukingo wa distribyuta. Ikielekea upande wa pili kabisa, shafti imegeuzwa.

Tano, nafasi ya pointi ipimwe pale zinapofunguka kabisa. Kipimo ni milimita 0.4. Hatua hii hapana budi itangulie kutegesha cheche. Nafasi ikiwa pana, pointi hufunguka mapema na cheche huwahi; ikiwa nyembamba, cheche huchelewa. Anayeigusa nafasi hiyo baadaye huwa ameiharibu kazi yote.

Sita, puli iwekwe kwenye alama ya digrii zinazotakiwa na distribyuta ile. Taa ndogo yenye volti sawa na za betri iunganishwe baina ya waya wa koili uendao kwenye pointi na bodi ya gari, swichi ikiwa wazi. Distribyuta igeuzwe kidogo kwa mwelekeo wa saa, kisha irudishwe polepole mpaka taa iwake. Hapo ndipo pointi zinapofunguka, na distribyuta ikazwe papo hapo. Kwa distribyuta inayotumia ombwe, kipimo kikamilishwe injini ikinguruma, kwa kufuata maelezo ya kitabu chake.

Hatari isiyosikika

Kazi haijaisha injini inapowaka. Dereva wa kombi hukaa mbele, mbali na injini, na mvumo wa feni hufunika mlio wa kugonga. Dashibodi ya gari hilo haina kipimo cha joto la injini. Isitoshe, katika injini nyingi za kabla ya miaka ya 1970 kipoza oili kimekaa ndani ya njia ya hewa ya silinda ya 3, kwa hiyo silinda hiyo hupata joto kuliko nyenzake, na mara nyingi ndiyo huharibika kwanza.

Kinga iliyopo ni kupima pia wakati wa mwendo. Mzingo wa puli ukigawanywa kwa 12, kila sehemu ni digrii 30. Umbali huo upimwe kutoka alama ya kikomo cha juu kuelekea kulia, mtu akitazama kutoka nyuma ya gari, na alama mpya ichorwe. Kisha itumiwe taa inayomweka kila silinda ya 1 inapopata cheche. Kwa distribyuta isiyo na kikopo cha ombwe, injini inapopita mizunguko 3,000, cheche inapaswa kuwa baina ya digrii 28 na 32 kabla ya kikomo. Ikizidi hapo, irudishwe nyuma, hata kama injini inanguruma vizuri.

Mwisho, pointi mpya hulika haraka mwanzoni na nafasi yake hupungua. Baada ya kilomita mia chache za kwanza, nafasi ipimwe tena, na cheche itegeshwe upya baada yake.